Stesheni ya Namba Nane

Mbarouk nilimchukia tangu hajaniacha, na alipokwisha kuniacha nikamchukia kwa raha zaidi, maana sikuwa tena na kazi ya kumpikia. Nyumba yake na yangu zilitengwa na shamba moja la mihogo hapa Makangale, na kwa miaka sita nilikuwa nikizunguka njia ya msituni kila nikienda kisimani ili nisipite mbele ya mlango wake. Watu walisema nina roho mbaya. Sikuwabishia.

Alikuwa na kitu kimoja ambacho sisi wengine hatukuwa nacho. Alikuwa na televisheni ya rangi, ndogo, inayokwenda kwa betri ya gari. Antena yake aliifunga kwenye ncha ya boriti ndefu ya mkoko, akaisimamisha nyuma ya nyumba. Makangale iko mwisho kabisa wa Pemba upande wa kaskazini, na mtu akiielekeza antena sawasawa anaipata stesheni ya Wakenya kutoka ng'ambo ya mkondo, japo wenyewe hawakuirusha kwa ajili yetu. Mbarouk ilimchukua jioni tatu kuipata. Aliihifadhi kwenye namba nane, na tangu siku hiyo akawa anatembea kijijini utasema stesheni ameizaa yeye.

Mwanzoni mwa mwaka 2001, zilipotokea zile ghasia za baada ya uchaguzi, mwanangu Ame aliondoka. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na ndiye mtoto pekee niliyezaa na Mbarouk. Siku mbili kabla, baba na mwana walikuwa wamegombana barazani kwa mambo ya siasa, mbele ya watu wazima na heshima zao, na Mbarouk akamwambia asikanyage tena kwake, yeye hamhesabu tena katika watoto wake. Kisha vijana wakakimbia kwa mashua kwenda Shimoni, upande wa Kenya, na Ame akawa mmoja wao. Ilisemekana mashua moja imezama. Hakuna aliyejua ni ipi, na kila aliyekuja kunipa pole alikuja na hesabu yake ya waliokufa.

Nilikaa siku kumi na moja sijui kama nina mtoto au sina. Chakula kilikuwa hakipiti. Usingizi ukinichukua naamka nimeng'ata kanga.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, akaja Vuai, mchoma mkaa, akasimama uani bila kutua gunia lake. Aliniambia kwamba jana yake magharibi alipita nyuma ya nyumba ya Mbarouk, akachungulia dirishani, akawaona Wakenya wanawaonyesha Wapemba walioko Shimoni, wamepanga foleni ya unga. Mmoja alisimama kama Ame, bega moja chini. Hakuweza kuhakikisha kwa sababu Mbarouk alimuona akamfukuza.

"Lakini ntangazaji kasema leo saa moja wataonesha tena," Vuai alisema. "Na watazungumza nao."

"Mbarouk mwenyewe kaona?"

"Alikuwa kaikabili televisheni kama hivi." Alinyoosha mkono kuonyesha umbali wa shibiri mbili. "Sijui kaona nini."

Hakunijia kuniambia. Hilo ndilo lililonichoma. Mwanamme ameketi mbele ya kioo kinachoonyesha foleni ambayo huenda mwanangu yumo, na shamba moja tu la mihogo linanitenga naye, asinyanyuke. Nilisema moyoni kwamba kama Ame yu hai nitamshukuru Mungu, na kama Mbarouk kanificha nitamwita mbele ya watu kwa jina linalomstahili.

Sikungoja saa moja. Baada ya sala ya alasiri nilijifunga kanga, nikapita katikati ya ile mihogo, nikapiga hodi. Mbarouk alikuwa msituni, kaenda kukata fito. Nilimkuta mkewe, Kijakazi, anampakata mtoto wao mchanga. Kijakazi hakunikosea lolote maishani mwake, nami nilikuwa nikimchukia yeye pia, kwa ajili ya kukamilisha.

"Karibu, Bi Mize," alisema, na macho yake yakaenda mlangoni kutazama kama mumewe anakuja.

"Nataka televisheni."

"Mwenyewe hataki iguswe. Na betri yenyewe haina moto mwingi."

"Ntoto wangu yumo humo. Huyo mwenyewe aje anikate nkono."

Hakunizuia. Nilichomeka waya kwenye betri, nikachukua rimoti juu ya kabati, nikabonyeza nane. Kioo kikajaa chenga, nyeupe na nyeusi, na mvumo kama mchele unaopepetwa. Nilibonyeza saba, nikarudi nane. Chenga. Nikabonyeza moja, ikaja stesheni ya Unguja, ina maruweruwe lakini watu wanaonekana. Basi televisheni haikuwa mbovu. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba Mbarouk ameifuta stesheni ya Wakenya kwa makusudi ili asiione foleni ile wala mimi nisiione. Sikujiuliza mara mbili. Mtu ukimchukia vya kutosha, kila ubaya unaomtilia unamkaa.

Nilitoka nje nikaishika boriti. Ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye nguzo ya ua, na waya wenyewe umeliwa na kutu. Nilidhani kaigeuza pia antena, nikaisukuma kwa bega. Waya ukakatika mkononi mwangu. Boriti ilikuwa imepinda, ikajizungusha yenyewe, antena ikaishia kutazama kusini, upande wa Wete. Sikujali. Nilirudi ndani kufanya nilichokuwa nimekiona kwa ndugu yangu Wete, ambako ukibonyeza kitufe cha kutafuta, televisheni inajitafutia yenyewe na stesheni zote zinakuja zimepangwa kama sahani kabatini.

"Bi Mize," Kijakazi alisema. "Hicho nishaambiwa kisibonyezwe."

"Naye aliambiwa asimfukuze ntoto."

Nikabonyeza. Ukatokea mstari mwekundu chini ya kioo, ukaanza kutambaa kutoka kushoto. Chenga zikapita, zikapita, kisha ikatokea picha ya Unguja, mstari ukasita, ikaandikwa moja. Ukatambaa tena. Ikatokea Unguja ile ile, imefifia, ikaandikwa mbili. Baada ya hapo mstari ulikwenda mpaka mwisho bila kusita popote. Nilibonyeza nane, na safari hii haikuja hata chenga. Kilikuja kioo cha buluu, kitupu.

Mbarouk aliingia wakati nimeduwaa hapo, rimoti mkononi. Alikuwa na fito begani bado. Alitazama kioo, akanitazama mimi, akazitua fito chini taratibu sana, na utaratibu ule ulinitisha kuliko kelele.

"Umefanyani?"

"Nimetafuta ulichokificha."

"Umefanyani, Mize?"

"Nane ilikuwa chenga tupu. Umeifuta, nimeitafuta."

Akakaa juu ya kiti. Kisha akaanza kunitukana, na matusi yake sitayaandika, ila nitaandika yaliyokuwa katikati ya matusi, kwa sababu hayo ndiyo yaliyoniua. Alisema namba nane wakati wa mchana ni chenga siku zote. Stesheni ile ni ya mbali, inafika magharibi tu, joto linapotua juu ya bahari, na mchana haifiki kabisa. Namba haimleti mtu. Namba inakumbuka pahala tu, kwamba ukisimama pahala hapa na wakati ukawa wake, utaona. Yeye pahala hapo alipatafuta kwa mkono, nukta kwa nukta, jioni tatu.

"Na ile inayojitafutia yenyewe," akasema, "inasimama pale tu inaposikia kitu chenye nguvu. Kilicho mbali inakipita. Na kila ilichokuta kimeandikwa inakifuta ili iandike vyake. Uliuliza ntu? Uliuliza hata huyu?" Alimnyooshea Kijakazi kidole.

"Alin'ambia," nikasema.

Nje kulikuwa na jua bado, hata saa kumi na moja na nusu haijatimia. Nilikuwa nimekuja kumtafuta mwanangu, na kwa kidole changu mwenyewe nimeifuta njia.

"Jana ulimuona?" nikamuuliza.

"Sikuhakikisha. Ilikuwa na chenga. Nilisogea, ikapotea."

"Na hukuja kun'ambia."

"Nije nikwambie nini? Kwamba labda? Weye nikikuletea labda utanirushia mawe."

Ningemrushia, kweli. Lakini sikumwambia hivyo. Nilimwambia kwamba baba aliyemfukuza mtoto hana haki ya kuchagua mama aambiwe nini, na yeye akasema kwamba mama aliyemlea mtoto kwa kumsimulia ubaya wa babake asishangae mtoto akimjibu babake barazani. Kijakazi alinyanyuka na mtoto wake, akaenda jikoni, uani, akatuacha na saa moja na nusu iliyobaki kabla ya taarifa.

Tukaanza kazi. Utafutaji ule ni wa watu wawili, kila mtu huku kwetu anaujua. Mmoja anageuza boriti, na anayegeuza haoni kitu. Mwingine anatazama kioo na kupiga kelele. Mbarouk alisema boriti ataishika yeye kwa sababu mimi sina nguvu, nami nilikubali haraka, kwa sababu nisingeweza kamwe kumwachia yeye kioo. Angemuona Ame akanyamaza. Nilimjua.

Alinionyesha kitufe cha kwenda mbele kidogo kidogo na cha kurudi. Alinionyesha cha kuhifadhi, akanionya nisikiguse mpaka aseme. Kisha akatoka nyuma ya nyumba, na sauti yake ikawa inaingia dirishani.

"Ehe?"

"Chenga."

"Nimeiweka kaskazini. Ehe?"

"Chenga vile vile."

"Sogeza namba, usikae kama umefiwa."

"Sikufiwa bado. Geuza hiyo boriti yako."

Tuliendelea hivyo mpaka jua likashuka. Nilisogeza nukta kwa nukta mpaka kidole kikaota alama ya kitufe. Mara mbili nilidhani nimesikia sauti ya mtu ndani ya mvumo, nikapiga kelele, yeye akaituliza boriti, nikakuta si kitu. Alijaribu kuifunga kwa kamba ya kumbi za nazi. Kamba ikalegea, boriti ikajigeuza kwa kule kupinda kwake, tukaanza upya, akanilaani mimi na waya na siku aliyoniposa. Nikamjibu kwamba siku ile hata mimi nailaani, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita tulikubaliana kitu.

Magharibi ikaadhiniwa. Nilitandika mkeka chumbani kwa Kijakazi nikasali haraka, kisha nikarudi kwenye kioo. Mbarouk alisali pale pale chini ya boriti. Alipomaliza nilimsikia anaomba dua, na nikalisikia jina la Ame ndani ya dua ile. Sikutaka kulisikia. Lilinitia uzito nisioutaka, maana ningependa zaidi kama angekuwa jiwe tupu.

Saa moja kasoro dakika tano, ndani ya chenga ukatokea mstari mweusi uliosimama, kisha ukawa watu wawili wanakunywa soda. Tangazo. Lugha ilikuwa Kiswahili cha bara.

"Hapo," nikasema. "Hapo hapo. Usipumue."

"Hifadhi," akasema nje.

Nikabonyeza, nane. Picha ikayumba, ikatulia. Alijaribu kuiachia boriti kidogo, picha ikakatika, akaikamata tena na picha ikarudi. "Basi naishika mie," akasema. "Naishika mpaka mwisho. Weye tazama." Nilimsikia anaikumbatia, kifua chake kimegusa mti.

Taarifa ikaanza. Walisema ya kwao kwanza, bei ya mahindi na barabara fulani, na kila neno nilitamani kulisukuma. Kisha ikaja Shimoni. Niliona mahema, niliona wanawake wa kwetu kwa kanga zao, niliona mtoto analia. Foleni. Kamera ikatembea taratibu kwenye nyuso, na chenga zikawa nyingi kisha chache. Nikamuona Ame.

Alikuwa amekonda, kavaa shati la mtu mwingine, bega moja chini. Ameshika bakuli. Yu hai. Nikakaa chini, na machozi yalinitoka bila sauti.

"Yupo?" Mbarouk aliuliza dirishani.

Nitaandika ilivyokuwa, sitajipamba. Nilikuwa na furaha kubwa kuliko nilivyowahi kuwa nayo, na ndani ya furaha ile ile, kama mdudu ndani ya embe, nikaona nafasi. Siku kumi na mbili nimeng'ata kanga. Yeye ndiye aliyemfukuza. Nilitaka aonje kidogo, dakika tano tu, mpaka taarifa iishe. Kisha ningemwambia. Wallahi ningemwambia.

"Hayupo," nikasema.

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Wamemaliza foleni yote. Hayupo."

Katika kioo, mwandishi mwenye kipaza sauti alikuwa anampita mwanamke mmoja, akampita mzee mmoja, akasimama mbele ya Ame. Akamuuliza jina lake na ametoka wapi. Ame akasema, "Makangale." Akamuuliza kama ana ujumbe kwa watu wa kwao. Ame akatazama chini kwenye bakuli lake, kisha akanyanyua uso, akanitazama mimi kabisa.

"Mwambieni baba," akasema.

Nje nilimsikia Mbarouk anasema, polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Basi kazama." Na kioo kikajaa chenga.

"Shika," nikapiga kelele. "Shika boriti, yupo, shika."

Nikasikia mti unakwaruza ukuta. Chenga zikabadilika kidogo, zikarudi kama zilivyokuwa. Mara moja tu ilikuja picha, nusu, na aliyekuwa anaonekana ni mtangazaji mwenye tai, anaaga. Nilibaki na rimoti nabonyeza nane, nane, nane, kana kwamba kosa ni la namba.

Mbarouk aliingia. Mikono ilikuwa imechubuka viganjani, na uso wake umelowa, sikujua kwa jasho au kwa nini. Alitazama kioo chenye chenga. Alinitazama mimi niliyekaa sakafuni nimeroa machozi.

"Umesema hayupo."

"Yupo. Yu hai. Nimemuona kwa macho yangu, kashika bakuli."

Alitafuta ukuta kwa mkono akaushika. Niliona amesadiki, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuufanya uso uwe kama wangu ulivyokuwa. Kisha niliona amelielewa lile neno langu la kwanza, kwamba lilikuwa la nini. Nilingoja anipige. Ningependelea anipige.

"Kasema kitu?"

"Kasema, mwambieni baba."

"Ehe."

"Basi. Ndipo ulipoiachia."

"Mwambieni baba nini?"

"Sikusikia, Mbarouk. Ilikatika."

Kijakazi alikuwa amesimama mlangoni na mtoto, ametoka jikoni, hajui lililopita. Betri ilikuwa inaisha na chenga zinafifia kwenye kioo. Mbarouk akaja akachutama mbele yangu, karibu kuliko alivyowahi kunikaribia tangu aniache, akanitazama machoni akitafuta lile neno humo.

"Sikusikia," nikarudia. "Haki ya Mungu."

"Usinifiche," akasema. "N'ambie tu, Mize. Hata kama kanilaani, n'ambie."